Kufuli na Namba ya Siri Hulinda Mlango Mmoja

Kazi yangu ni kufunga kamera za usalama, ving'ora na intaneti katika maduka, maghala na shule za upande huu wa Nzaui. Makao yangu ni Matiliku, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni. Mgeni atauona kama soko lolote la Ukambani: maduka ya rejareja, vibanda vya M-Pesa, bodaboda chini ya miti, kina mama na magunia ya ndengu. Msimu wa maembe ukifika, malori huingia, wanunuzi wasiojulikana hujaa, na pesa nyingi hupita mikononi na kwenye simu kwa muda mfupi. Wezi nao wanaijua kalenda hiyo.

Watu wakiniita, huwa wanataka kitu cha kuonekana: kamera juu ya mlango, taa inayowaka mtu akipita, waya wa umeme juu ya ukuta. Mambo ya nywila, laini na intaneti huyahesabu kuwa shughuli ya mtu mwingine, labda kijana wa saiba. Kuzunguka na ngazi na drili kumenifunza kwamba wizi mwingi wa siku hizi hupita hapo katikati, mahali ambapo mlinzi anadhani ni kazi ya mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta anadhani ni kazi ya mlinzi. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Mwizi hatenganishi simu na lango

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa na kila kitu nilichoweza kupendekeza kwa mlango: kamera nne, lango la chuma, mlinzi makini. Mteja akaja, akaagiza saruji na mabati, akamwonyesha karani meseji ya M-Pesa kwenye simu yake kwamba ameshalipa. Karani akaandika risiti. Mlinzi akahesabu mifuko langoni, ikalingana na risiti. Mzigo ukaondoka. Jioni mwenye duka alipotazama simu ya malipo, hakukuta kitu. Ile meseji ilikuwa imebuniwa ili ifanane na ya kweli.

Ukiangalia, kila mmoja alitimiza wajibu wake. Kamera zilirekodi uso, pikipiki na mzigo. Mlinzi hakupunjwa hata mfuko mmoja. Kilichokosekana ni kwamba simu inayopokea malipo ilikuwa mfukoni mwa mwenye duka, naye alikuwa mjini Emali. Habari moja iliyokuwa ya lazima haikuwepo mahali mzigo ulipotokea.

Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, malipo yetu yamehamia hewani huku bidhaa zikibaki ardhini. Kwa hiyo tulibadilisha utaratibu: meseji za malipo za duka huingia kwenye simu inayokaa kaunta, na mlinzi hafungui lango mpaka karani amthibitishie kutoka kwenye simu hiyo, si ya mteja. Hatukununua kifaa chochote kipya.

2. Kitabu cha langoni kinaweza kufungua akaunti ya benki

Baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, kuandikishwa langoni kulizidi kuwa desturi Kenya. Unaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, kisha unatia sahihi. Shule na maghala ya mashinani nayo yakaiga. Mawakala wa M-Pesa walikuwa na daftari lao lenye safu zinazofanana na hizo.

Sasa kitazame kitabu hicho kwa jicho la tapeli. Ukurasa mmoja unampa watu wengi, kila mmoja na jina kamili, namba ya kitambulisho na laini anayoitumia. Hizo ndizo taarifa za kwanza anazotafuta mtu anayetaka kukuibia laini. Hujifanya wewe, huomba laini mpya badala ya "iliyopotea", na akifaulu simu yako hukatika mtandao huku yake ikiupata. Meseji za benki na namba za kuthibitisha nywila humwendea yeye. Kitabu kilichowekwa kulinda jengo kimefungua pochi ya aliyeandikishwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazozihitaji na azitunze. Kwa wateja wangu, hiyo imekuwa kazi ya mikono: kila mgeni hujaza karatasi yake ndogo inayotumbukizwa kwenye sanduku lenye kufuli, hakuna anayesoma ya mwenzake, na karatasi za zamani huchomwa baada ya muda uliokubaliwa. Kwa upande wa simu, nawaambia wenye laini za Safaricom wabonyeze *100*100# ili laini isiweze kubadilishwa kwa wakala yeyote bila wao kufika kwenye duka la kampuni. Hatua ya kwanza inafanyika langoni, ya pili kwenye simu, na zote mbili zinazuia wizi uleule.

3. Kamera ni kompyuta, na kompyuta huingiliwa

Mteja akinunua kamera, anadhani amenunua jicho. Amenunua kompyuta ndogo yenye jicho, iliyounganishwa na intaneti, na iliyotoka kiwandani na jina la kuingilia na nywila ambazo kila fundi duniani anazijua.

Mwaka 2016 dunia ililiona hilo kwa kiwango kikubwa. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani kwenye kamera, mashine za kurekodia na rauta. Ilikusanya jeshi la vifaa vya watu ambao hawakujua lolote. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi hilo lilitumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye tovuti, na tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kamera zilizonunuliwa kulinda nyumba zilikuwa zimegeuzwa silaha.

Huku kwetu hatari ni ndogo kwa ukubwa, lakini iko karibu zaidi. Mtu anayeweza kuiona kamera ya ghala akiwa mbali anajua mlinzi hulala saa ngapi, funguo huwekwa wapi, na siku gani ghala limejaa. Amefanya upelelezi wote bila kukanyaga Matiliku.

Mara nyingi mtu huyo wala si mdukuzi wa kigeni. Nimefungua programu za kamera kwenye simu za wateja na kukuta orodha ya wanaoweza kutazama ina karani aliyeachishwa kazi zamani, fundi wa kwanza, na shemeji aliyewahi kuazimwa simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akiacha kazi tunamnyang'anya funguo za mlango siku hiyohiyo, lakini ruhusa yake ya kutazama kamera tunaisahau. Siku hizi, mwenye duka akibadilisha kufuli, namwambia tubadilishe na nywila ya kamera, ya rauta na ya simu ya malipo, kabla sijashuka kwenye ngazi. Pia naitenga intaneti ya kamera na ile wanayopewa wateja wa hoteli au saluni, kwa sababu anayekunywa chai hana haja ya kuwa kwenye mtandao mmoja na jicho la nyumba.

4. Habari isiyomfikia mtu wa kuchukua hatua ni kumbukumbu tu

Mama mmoja mwenye duka la jumla aliniuliza, "Fundi, hii kamera inaona mpaka usiku?"

"Inaona, mama. Lakini wewe utaona lini?"

Alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa asubuhi, baada ya mlango kukutwa umevunjwa. Kamera nyingi nchini hufanya kazi hiyo ya asubuhi. Zinatuambia tuliibiwaje.

Taifa letu limejifunza somo hili kwa damu. Tarehe 21 Septemba 2013, washambuliaji walipoingia Westgate jijini Nairobi, kamera za ndani ziliwarekodi wakitembea kati ya rafu. Nje, polisi na jeshi hawakuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja. Watu 67 waliuawa. Baadaye serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa, ili picha, redio na kituo cha amri viwe kitu kimoja. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa alfajiri. Vyuo vilikuwa vimetahadharishwa kabla ya siku hiyo, lakini kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi, na watu 148 walipoteza maisha. Tahadhari ilikuwepo. Kati ya tahadhari na hatua palikuwa na pengo.

Tarehe 15 Januari 2019 shambulio lilipotokea katika jengo la DusitD2 jijini Nairobi, watu 21 waliuawa, lakini vikosi vilifika haraka zaidi na mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai. Wapelelezi walifuata nyayo za aina zote mbili: gari na nyumba ya kupanga huko Muchatha kwa upande mmoja, simu na fedha zilizotumwa kwa upande wa pili. Juni 2025, Mahakama Kuu iliwahukumu wanaume wawili kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia washambuliaji, ikiwemo kwa fedha. Gari peke yake lisingeeleza kila kitu, na simu vilevile.

Matiliku si Westgate, lakini swali ni hilohilo: ishara ikitokea, inamfikia nani, na huyo anaweza kufanya nini kwa dakika tano? Nimekuta ving'ora vinavyotuma meseji kwa mwenye duka aliyelala Nairobi na simu imezimwa. Sasa sifungi king'ora kabla hatujaandika majina matatu: mtu anayeweza kufika kwa miguu, mtu anayeweza kuwasha taa na kupiga kelele, na mtu wa kupigia polisi kwa 999 au 112. Jina la mwenye mali linakuja baada ya hao, kwa sababu kazi yake usiku ule ni kupiga simu tu.

5. Ukimya nao ni habari

Tumezoea kungoja kelele: king'ora kilie, mbwa abweke. Lakini mifumo ya kidijitali mara nyingi huonyesha hatari kwa kunyamaza. Kamera inaacha kutuma picha. Rauta inakatika. Laini inapoteza mtandao.

Kila ukimya una sababu ya kawaida. Stima hupotea: tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na huku kwetu kupotea kwa stima hakuhitaji tarehe. Ndiyo maana ishara moja haitoshi. Ustadi uko katika kuziweka mbili au tatu pamoja. Kamera ikizimika na jirani naye hana stima, hiyo ni stima. Kamera ikizimika huku taa ya jirani inawaka, mtu aamke.

Wakala mmoja wa M-Pesa wa soko letu alinusurika kwa hesabu hiyo. Asubuhi alipigiwa simu na mtu aliyejifanya wa huduma kwa wateja, akaulizwa namba ya kitambulisho, hakuitoa, akakata. Mchana, siku ya soko, laini yake ikapoteza mtandao huku za vibanda vya kando zikifanya kazi. Hakungoja irudi. Aliazima simu kwa jirani, akapiga huduma kwa wateja ya kweli, akaomba akaunti ifungwe, kisha akafunga kibanda na kwenda mwenyewe dukani kwa kampuni. Floti yake, yaani pesa zake za biashara kwenye simu, ilibaki salama. Simu ile ya asubuhi peke yake ingekuwa usumbufu wa kawaida, na ule mtandao wa mchana ungekuwa hitilafu tu. Yeye alizisoma kama sentensi moja.

Kwa maghala yaliyo mbali na barabara, tumeweka betri na paneli ndogo ya sola, kwani jua ndilo jambo ambalo Makueni haikosi. Mfumo ukizimika licha ya betri, basi ukimya huo una uzito.

6. Kundi la WhatsApp humwita jirani, na mwizi naye husikia

Mawakala wana kundi la kubadilishana floti na pesa taslimu. Linafaa sana, maana wakala mwenye noti nyingi humpata mwenye floti bila kusafiri mpaka benki. Lakini ujumbe wa saa kumi na mbili jioni unaosema "nina laki mbili taslimu hapa dukani, nani ana floti?" ni tangazo. Unamwambia kila aliye katika kundi kiasi, mahali na saa. Na katika makundi hayo wamo watu walioacha biashara zamani, na namba ambazo zimeshapata wenyewe wapya.

Hapa ndipo ujumbe wa simu unapogeuka kuwa panga mlangoni. Tuliwashauri mawakala watumie kundi kwa swali tu, bila kiasi wala mahali, kisha waelewane kwa kupigiana. Msimamizi hulipitia kundi kila mara na kuwatoa asiowafahamu.

Makundi ya Nyumba Kumi, yaani ya majirani wanaolindana, yana ugonjwa wa upande wa pili. Mpango wenyewe tuliuchukua kwa majirani zetu Tanzania, na ukiunganishwa na simu unaweza kuamsha kijiji kizima kwa dakika moja. Lakini uvumi nao huamsha kijiji. Tarehe 8 Agosti 2021, vijana wanne waliuawa na umati huko Kitengela wakidhaniwa kuwa wezi wa mifugo, kabla mahakama haijauliza swali lolote. WhatsApp yenyewe, baada ya mauaji ya aina hiyo nchini India, iliweka kikomo cha dunia nzima mwaka 2019: ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo.

Kikomo chetu ni cha maneno. Anayetoa tahadhari aseme ameona nini, wapi na saa ngapi, na aseme kama ameona kwa macho yake au amesikia. Picha ya mtu haitumwi kundini. Inatumwa kwa chifu au polisi. Kundi linapewa kazi moja: washeni taa, tokeni nje, msiguse mtu.

7. Saa ya mashine ndiyo inayotoa ushahidi

Hili ni dogo, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Mashine ya kurekodia ikikosa stima muda mrefu na betri yake ndogo ya ndani ikiwa imekufa, saa hurudi mwanzo. Nimekuta rekodi safi kabisa zenye tarehe ya miaka iliyopita. Uso unaonekana, lakini saa inasema tukio lilitokea kabla duka halijajengwa.

Mpelelezi anataka kulinganisha: saa ya picha, saa ya meseji ya M-Pesa, saa ya simu iliyopigwa. Vikilingana, hadithi inasimama. Vikipishana hata kwa nusu saa, wakili wa mshtakiwa ana mahali pa kushika. Tena, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kutoka kwa mtu aliyekuwa na dhamana ya mfumo huo, anayeeleza ulitolewaje. Mtu anayerekodi video ya skrini kwa simu yake na kuisambaza hajasaidia kesi.

Kwa hiyo kila nikipita kwa mteja, jambo la kwanza naangalia saa. Natia alama kwenye daftari kwamba nimeilinganisha. Na nimewaambia wateja kwamba wizi ukitokea, wasiifungue mashine wala kuizima. Waite polisi, kisha tunatoa nakala mbele yao.

8. Mfumo ukianguka, lango lazima bado lifunguke na kufungika

Julai 2023 jukwaa la serikali la eCitizen, lenye huduma zaidi ya 5,000, lilizidiwa na mafuriko ya maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa kuliendesha. Serikali yetu ilisema hakuna data iliyopotea. Lakini huduma za kukata tiketi za treni na kulipia stima ziliripotiwa kukwama, na malipo ya simu yakayumba.

Kwa mtu wa Matiliku, treni hiyo ni ile inayosimama Emali, na stima hiyo ndiyo inayowasha kamera. Shambulio lililoanzia kwenye kompyuta za mbali lina njia ya moja kwa moja mpaka kwenye mtu aliyesimama na begi lake, na mpaka kwenye friji ya duka la dawa.

Tangu hapo kila mteja wangu ana ukurasa mmoja wa karatasi ukutani: namba muhimu zilizoandikwa kwa wino, utaratibu wa kuuza bila mtandao, daftari la risiti, na mahali zilipo funguo za chuma za kufuli za kielektroniki. Mara moja moja tunazima intaneti makusudi mchana kweupe na kutazama nani anajua la kufanya. Aghalabu anayejua ni mlinzi wa usiku, maana yeye ndiye aliyezoea kubaki peke yake na mitambo iliyokufa.

9. Kulinda hakukupi ruhusa ya kuchungulia

Baadhi ya wenye nyumba za kupanga huniomba kamera inayotazama milango ya vyumba. Baadhi ya shule huomba za mabwenini. Nakataa, na siombi radhi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ile haikuwa kesi ya kamera za ulinzi, lakini inatuonyesha sheria inavyoyatazama mambo ya sura za watu.

Kuna sababu nyingine ya kiusalama kabisa. Watu wanaochunguliwa huacha kukwambia mambo. Mpangaji anayekuona jasusi hatakuamsha akimwona mgeni uani. Kamera itazame lango, njia na kaunta, bango liwekwe kuwaambia watu wanarekodiwa, na rekodi zifutwe muda wake ukiisha. Mlinzi bora wa mtaa ni jirani anayekuamini.

10. Pesa kidogo ianzie mahali pasipong'aa

Anayeniuliza aanze na nini akiwa na shilingi chache, nampa orodha ambayo hainitajirishi. Kwanza, badilisha nywila zote za kiwandani na uzuie laini yako isibadilishwe ovyo. Pili, simu ya malipo ikae pale bidhaa zinapotokea. Tatu, meseji ya utapeli ipelekwe kwa 333 ikiwa uko Safaricom, na ukituma pesa kimakosa peleka meseji hiyo kwa 456 papo hapo, kabla hujaanza kubishana na aliyezipokea. Nne, andika majina matatu ya watakaoitikia usiku, na uwape mazoezi. Tano, taa nzuri na kufuli nzuri.

Kisha mkalishe mlinzi na karani kwenye benchi moja, kila mwisho wa wiki, waambiane walichoona: gari lililopita mara nyingi, simu iliyopigwa na kukatwa, kamera iliyozimika bila sababu, mteja aliyeuliza mwenye duka hurudi lini. Mashine za gharama kubwa za Nairobi zinafanya kazi hiyohiyo ya kuunganisha vipande. Hapa kwetu tunaweza kuifanya kwa chai.

Kamera iwe ya mwisho. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa kuziuza, kwa sababu nimeona nyingi zikirekodi kwa uaminifu wizi ambao mazungumzo ya watu wawili yangeuzuia. Ukishamaliza hayo yote na bado unaitaka, nipigie, ngazi ninayo.